Kabla wifi hajaongeza chumvi tena: habari kamili ya lile shada la Krismasi

Haya jamani nimekuja. Meseji nimeziona, skrinshoti nimeziona, na wewe uliyeniuliza "eti ni kweli umemzika bibi wa watu yuko hai" wewe nakujua mpaka nyumba unayopanga, tutaonana Januari. Naandika hapa nimejificha jiko la nje kwenye moshi kwa sababu sebuleni hapapitiki, nikipita tu kuna mtu anaguna "amani" halafu nyumba nzima inaanguka kwa kicheko, na watoto ndio wabaya zaidi.

Wifi kashaposti toleo lake, eti nimemfanyia Bibi wa mume wangu msiba angali hai. Toleo la wifi lina jeneza. Naomba niseme mbele ya Mungu na mbele yenu wafuasi wangu kwamba JENEZA HALIKUWEPO. Kulikuwa na shada. Shada moja. Kubwa, hilo sikatai, lakini jeneza wifi kaliokota hukohuko Mombo alikozimia.

Mnaonifuata humu mnajua mimi na mambo yangu ya kupamba. Mwaka jana nilipamba kule Dar na mti wa plastiki wa supamaketi, mtoto akatafuna theluji ya bandia tukalala zahanati, nikaapa sirudii. Mwaka huu nikasema tunaenda Marangu kwa wakwe, kule kila kitu kinaota chenyewe, napamba kwa vya shambani vitupu, hakuna plastiki, hakuna taa za kupiga shoti. Nilikuwa nakesha Pinterest tangu Oktoba. Kuna wazungu wana milango yao imezungushiwa majani na matunda na vijiti vya mdalasini, unaangalia picha unasikia mpaka harufu. Nikajiuliza kwani mimi mikono yangu ya mbao?

Nianze na maandalizi maana wifi hakuyagusa kabisa, ukisoma pale utadhani niliamka tu nikaanza kuua watu.

Dada yangu aliyeolewa Lushoto alinijazia kiroba cha yale makoni ya misindano, kule wanayo mpaka wanawashia moto. Yalifika Dar yamechanua yote, nikayapaka rangi nyeupe kwenye ncha, yakawa mazuri mpaka jirani akaniuliza nauza bei gani. Kiroba hicho nimekipakata kwenye basi kutoka Mbezi mpaka Himo, zaidi ya kilomita mia tano, mume wangu hanisemeshi tangu Chalinze. Sasa Marangu Desemba kuna ukungu wake, na kale kamvua ka kuvizia. Kulala kuamka makoni yote yamejifunga, yaani yamebana ndii, rangi yangu nyeupe imemezwa ndani. Kumbe ndiyo tabia yake, yakikauka yanafunguka, yakipata unyevu yanajifunga tena. Dada unasoma hapa. Ulijua. Ulinyamaza.

Nikahamia kwenye machungwa. Nikakata slesi nyembambaaa nikazianika juu ya bati la banda la kuku, nikijiambia kuku hapandi huko. Kuku wa Marangu anapanda.

Kilichokubali ni kahawa. Kulikuwa na zile buni nyekundu za mwishomwisho wa msimu, nikazitunga kwenye uzi moja moja nikazungushia mti, na mti wenyewe ni tawi la saiprasi alilolikata baba mkwe kwenye uzio. Baba mkwe akaja akasimama, akautazama mkufu wangu wa kahawa kuanzia juu mpaka chini, midomo inacheza, nikajua anasali, kumbe anahesabu. Akauliza "hii yote ingekuwa kilo ngapi?" Mzee huyu kapeleka kahawa chama cha msingi maisha yake yote, KNCU, ule ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, imeanzishwa 1933 yeye hata kuzaliwa bado lakini akiisimulia utadhani alikuwepo wanapiga muhuri. Halafu akaanza habari za wamisionari wa Leipzig waliofika Uchaggani 1893, kwamba ndio waliowafundisha kuingiza mti ndani, na mimi na kiherehere changu nikamwambia baba, hiyo saiprasi yenyewe asili yake ni Meksiko, nilisoma. Akanitazama. Dada zangu msioolewa bado, chukueni hiyo: mkwe haambiwi uzio wake umetoka Meksiko.

Lakini sebule ilipendeza jamani. Hata wifi angekuwepo angekubali. Tatizo likawa kwamba nilisifiwa, na mimi nikisifiwa sijui kukaa chini, nikaona bado geti.

Sasa shada.

Ringi niliichukua kwa mtoto wa shemeji, ile ringi ya baiskeli wanayosukuma na kijiti barabarani, nikamwahidi nitairudisha jioni. Hapo ndipo ukubwa wa lile shada ulipotokea, kwa hiyo wanaosema "lilikuwa na ukubwa wa kaburini" mjue saizi sikuchagua mimi, alichagua aliyetengeneza baiskeli. Majani nikayatafuta kihambani, yaani lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Mume wangu alishanitembeza kihamba chote siku ya kwanza, hii migomba ya mbege, hii ya mtori, hii kahawa, mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita hapa, ndizi hii usiiguse ni ya mama. Ila kule chini mwisho kabisa kulikuwa na mstari wa mimea imesimama wima, majani marefu ya kijani yanayong'aa, imepangwa kwa usawa wa kamba, na hakuna aliyewahi kuniambia habari zake. Nikasema moyoni hawa watu wana bustani na hawajijui. Nikapiga kisu. Nikakata ya kutosha, halafu nikakata ya akiba, nikapanda nayo nikiyaburuza, mengine yanadondoka njiani wala sikuhangaika kuokota.

Wachaga mlioko humu mmeshashika vichwa, naombeni mtulie kwanza niwaelezee wenzangu wa Muheza.

Yale ni masale. Masale si ua la bustani. Masale ni mpaka, ndiyo mawe ya mpaka ya Mchaga, na ule mstari ulikuwa unatenganisha kihamba cha baba mkwe na cha mdogo wake, yaani baba mdogo wa mume wangu, na ulipandwa na baba yao, na hao ndugu wawili waliwahi kununiana miaka kwa sababu ya mguu mmoja wa ardhi palepale kwenye hayo majani. Pili, isale ndilo jani la kuombea msamaha, mtu akikukosea akikuletea isale huwezi kukataa, hata kama ugomvi ni wa ng'ombe. Na tatu, masale hupandwa makaburini. Mpaka, msamaha na makaburi. Mimi nikaona majani ya dekoresheni.

Tuendelee, maana nilikuwa bado sijamaliza kujichimbia.

Kando ya mfongo kuna yale maua meupe makubwa yenye umbo la tarumbeta, nikachuma yote. Utepe nilikuwa nao wa zambarau tu. Hapo nilijiona msomi kabisa, nikawaza Majilio rangi yake si ni zambarau, hata kitambaa cha madhabahuni kanisani ni zambarau, wakwe zangu Walutheri wataona nimezingatia. Nikachukua ile rangi nyeupe ya makoni niandike kwenye utepe AMANI DUNIANI, nikaanza na herufi kubwa kwa raha zangu, utepe ukaisha. Ikabaki AMANI. Nikasema inatosha, ujumbe umefika. Chini ya geti nikaweka mishumaa miwili kwenye makopo, mmoja kulia, mwingine kushoto, nikaiwasha nione itakavyokaa usiku.

Nawaomba mlichore hilo shada kichwani, halafu mniambie kama mngepita barabarani mngesema Krismasi njema.

Nyumbani nilikuwa peke yangu. Mama mkwe alikuwa kanisani na wamama wanapamba, baba mkwe na mume wangu wamefuata mbuzi wa ndafu, watoto wamezagaa. Ndani alikuwepo Bibi tu, mama yao baba mkwe na baba mdogo, ambaye mwenyewe anasema alizaliwa mwaka wa nzige na hakuna wa kumbishia. Mapema mwezi huu Bibi alilazwa, ukoo mzima ukakosa usingizi, akatoka, akarudi, siku hiyo alikuwa amekula vizuri sana akalala. Nikamfunika blanketi nikashusha neti. Kumbukeni hilo blanketi.

Nilikuwa juu ya stuli nafunga majani kwenye nguzo ya baraza nikasikia mtu anafoka kwa Kichaga kutoka bondeni. Kichaga sijui ila kufoka najua. Sauti inapanda, inapanda, halafu namwona baba mdogo kwa mbali, panga mkono wa kulia, mkono wa kushoto kashika majani, anainama anaokota jani, anatukana, anapiga hatua tatu, anainama anaokota lingine. Anafuata njia yangu. Akazunguka kwa barabarani akatokea getini, na mdomo ulishafunguka tayari, nauona mpaka sasa ule mdomo, tusi la kwanza liko mlangoni kabisa linavaa viatu.

Macho yakatua kwenye shada.

Akaona masale. Akaona maua meupe. Akaona utepe wa zambarau, akausoma taratibu, midomo ikisema a-ma-ni. Akaangalia chini, mshumaa. Upande wa pili, mshumaa. Panga likashuka lenyewe mpaka likagusa majani. Mkono ukaenda kichwani ukavua kofia.

Mimi nikadhani amelipenda.

"Karibu baba mdogo! Shikamoo! Unalionaje?"

Hakuitikia shikamoo. Akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Lini?"

"Leo hiihii, asubuhi."

"Saa ngapi?"

"Kwenye saa nne hivi, mama alipoondoka tu kwenda kanisani."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi mwenyewe baba mdogo, peke yangu! Nilisubiri wote waondoke kwanza ili iwe sapraizi."

Wapendwa, rudini mkalisome tena hilo jibu. Mimi nimelisoma kichwani usiku kucha.

Akashika nguzo ya geti. Akauliza "aliteseka?" ila kwa ile sauti ya kukatika mimi nikasikia "uliteseka?" nikaona mzee wa watu ana huruma, anajali kazi ya mikono.

"Mwanzoni kidogo baba, ilikuwa inanyumbukanyumbuka, nikaikaza waya hapa juu, ikatulia tuli."

Kimya. Nasikia mishumaa inavyopasukapasuka.

"Mama yuko wapi sasa?"

Hapo nikajua anamuulizia Bibi, maana wao Bibi ndiye mama yao. "Yuko ndani amelala. Nimeshamfunika vizuri, hata nzi hamgusi. Tumwache tu apumzike."

Baba mdogo akakaa chini kwenye vumbi, mzee wa heshima zake, akaweka kofia usoni, halafu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Huyu mtu kakulia milimani, akiwa kijana alikuwa anaita mbuzi bonde hadi bonde, hilo koo halijazeeka. "Uuuwiiii maeeee!" Bonde likapokea, likarudisha, likapeleka Kilema.

Nikashuka kwenye stuli mbio nikamshika bega, nikamwambia baba mdogo jamani ni shada tu, ya nini kulia hivi. Akanishika mkono, machozi yanatiririka, akasema "umefanya vizuri mwanangu, umemwekea na masale."

Nikasema asante.

Nikasema ASANTE jamani. Nilikuwa na furaha kabisa. Nikajua ni mambo ya mila, labda wazee wa huku wakiguswa ndivyo wanavyofanya.

Kutoka hapo mambo yakaenda kasi kuliko akili yangu. Uzio wa saiprasi una vipenyo, sasa kila kipenyo kikaanza kutoa mtu. Wamama khanga kiunoni. Mwingine na mkungu wa ndizi kichwani, mwingine ameshakuja na mzigo wa kuni, nikawaza hawa watu Krismasi yao wanaianza mapema kweli. Vijana wawili wakaja na turubai la kikundi, wakasimika nguzo, hawajauliza. Mama mmoja nisiyemfahamu akanikumbatia akanibana mpaka nikakosa pumzi akaniambia "jikaze." Nikajikaza. Nilijikaza bila kujua najikazia nini. Shemeji mmoja wa hapa mtaani akapiga picha ya geti, bila hata kuingia ndani kuhakikisha, akairusha kwenye grupu la ukoo la WhatsApp: "Mama yetu ametangulia." Alama za mikono iliyofumbatwa zikaanza kumiminika. Dakika hazijatimia kumi kuna mtu Mwanza kashafungua orodha ya michango, namba moja fulani hamsini elfu, namba mbili fulani hamsini elfu, namba tatu fulani "nitaleta mkononi", mnamjua yule wa namba tatu, kila ukoo anaye.

Mimi nilishtuka pale mzee wa kanisa aliponisogelea kwa upole, ana daftari, akasema "pole sana mama, sasa kesho ni Krismasi, kuzika hatuwezi, tuangalie ishirini na saba?"

Kuzika nani?

Nikageuka nikalitazama shada langu. Yaani nililiona sasa kwa mara ya kwanza, kwa macho ya mpita njia, na miguu ikaisha nguvu palepale. Nikapiga kelele "HAJAFA! BIBI HAJAFA JAMANI!" na mnajua nilijibiwa nini? Yule mama wa kunibana akasema "bado hajakubali huyu, mleteni maji." Wakanikalisha. Kila nikisema hajafa wananipapasa mgongo. Nikisema yuko ndani amelala wanalia zaidi. Nikisema nendeni mkamwone, mmoja anasema hapana, tusubiri watoto wake wafike kwanza ndio wamwone. Nilikuwa na ukweli wote mkononi na hakuna wa kunipokea, maji tu ndiyo yanaletwa.

Na Bibi kaamshwa na nini? Na kelele za msiba wake.

Katokea mlango wa uani, mkongojo mkononi, khanga kajitanda. Bibi macho hayamsaidii sana siku hizi ila masikio yapo, akasikia vilio, na mtu mzima wa kule akisikia kilio haulizi, anakaa kwenye mkeka analia, maswali baadaye. Akakaa. Akajikunyata katikati ya wamama wawili waliofunika nyuso na khanga, akaanza kulia na yeye, na sauti yake ni nzuri, akawapandisha wote. Mimi naona kila kitu nimeshikwa mikono miwili, glasi ya maji mdomoni.

Baada ya muda Bibi akamgusa wa pembeni yake. Haya mazungumzo nimetafsiriwa baadaye. Akauliza, "nani katuacha?"

Yule mama, uso ndani ya khanga, akajibu "ni mae wa hapa," yaani mama wa hapa.

Bibi akajua ni mkwewe, yaani mama mkwe wangu! Akapiga goti kwa kiganja. "Jamani! Mtu mzuri yule. Asubuhi hii kanipa uji." Akalia kwa uchungu wa kweli, halafu akaongeza, "na sufuria yangu kubwa iko kwake."

Yule mama kwenye khanga akatulia. Nadhani aliisikia hiyo sufuria na sauti akaifahamu, maana hiyo sufuria Bibi kaidai miaka. Akashusha khanga polepole, jicho moja kwanza. Kisha la pili.

Siwezi kuandika ule ukelele, hauna herufi. Alipaa. Mkeka mzima ukapaa naye, waliokaa kwenye viti wakaondoka na viti, mmoja wa vijana waliokuwa wanavuta kamba ya turubai akaiachia na turubai lote likashuka kama neti juu ya mzee wa kanisa na daftari lake, anapambana humo ndani anakemea kwa jina la Yesu, na Bibi kabaki peke yake katikati ya uwanja anageuza kichwa huku na huku anauliza "mnakimbia nini, kafufuka?"

Baba mdogo hakukimbia. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akalitazama shada, akalitazama panga.

Mimi ndiye niliyekimbia.

Yaliyofuata nayapitisha harakaharaka maana naaibika. Mama mkwe alikuja kutoka kanisani mbio, kiatu kimoja, akamkuta aliyekufa anadai sufuria. Baba mkwe na mume wangu wakatokea na mbuzi, watu waliokuwa wamejificha kwenye migomba wakasema afadhali mbuzi wa msiba amefika. Mimi walinitoa kwenye choo cha nje. Wifi taarifa ilimkuta Mombo basi limesimama watu wanakula, akaanguka palepale na chipsi zake, abiria wakamchangia, na hela za abiria mpaka leo hajasema zilikwenda wapi, muulizeni hilo kwenye posti yake badala ya kunitumia mimi vikatuni. Usiku alipofika alinipiga khanga ya kichwa kwanza ndipo akaenda kumkumbatia Bibi.

Kuhusu mpaka, jioni ileile baba mkwe alisema jambo hilo haliwezi kulala. Msamaha unahitaji isale. Na masale ya jirani yote yako wapi? Kwenye ringi. Ikabidi baba mkwe aende getini na tochi, achomoe jani moja kwenye shada langu, lina doa la rangi nyeupe, anikabidhi, nimpelekee baba mdogo mbele ya Bibi, nimepiga magoti, meno yanagongana. Baba mdogo akalipokea, mila hairuhusu kukataa. Akaligeuza. Akalisogeza kwenye taa.

"Sasa si langu mwenyewe hili?"

Baba mkwe akasema "pokea hivyohivyo." Akapokea. Leo baada ya ibada wamekwenda wote wawili kuchomeka vile vikonyo upya kwenye mstari, wanasema yanashika haraka na yale mashina yatachipua, ila wamekaa kule bondeni muda mrefu kuliko kazi yenyewe na nimesikia wanapimana miguu, mimi sijaenda kuangalia. Ringi nimeirudisha kwa mwenyewe, ina misumari. Mkufu wa kahawa baba mkwe kaufumua usiku kimyakimya, nimekuta buni zimeanikwa.

Hela ndizo zimebaki. Grupu lilikusanya kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana, hata harusi yetu haikupata nusu yake, na mweka hazina akaandika kistaarabu kwamba kwa kuwa mama yupo, kila mtu atarudishiwa chake. Bibi aliposomewa hiyo meseji akasema hairudi hata senti, hela ya msiba wake anataka kuila mwenyewe, anunuliwe ng'ombe wa maziwa na sufuria mpya kubwa. Halafu akaomba asomewe orodha, majina na kiasi, polepole. Hivi ninavyoandika yuko sebuleni na simu ya mume wangu, anawapigia mmoja mmoja, Dar, Mwanza, Arusha, na hasalimii, anaanza moja kwa moja: "Wewe, mimi nimekufa jana, mbona jina lako sijalisikia?"